Mbegu Kabla ya Vuli



Ndugu zetu na dada zetu wasomaji, juma hili tumeiweka kando mada ya malezi, tutaiendeleza juma lijalo inshaallah, kwa kuwa limetufikia swali ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa maneno mawili. Mama mmoja wa Mombasa, mtoaji sadaka tunayemjua kwa wema wake, alituuliza baada ya darsa: "Sheikhe, hawa ndugu zetu wa Voi na Taita, mbona kila mwaka ni njaa? Ardhi wanayo, na mvua twasikia inanyesha. Kwani hawalimi?" Hakuuliza kwa kejeli. Swali hili limo vifuani mwa wengi, ila yeye alikuwa na ujasiri wa kulitoa.

Sisi tunaishi Voi kwa zaidi ya miaka 20, tukisomesha chuoni asubuhi na kushika jembe alasiri katika ekari zetu 2. Jibu letu la kwanza ni fupi: wanalima, tena wanalima mara mbili, na wakati mwingine mara tatu, kwa msimu mmoja. Hapo ndipo penye msiba wenyewe.

Wengi wenu mwaijua Voi kwa dirisha la basi au la gari moshi. Mwapita msikiti wa Mackinnon Road ambapo wasafiri huteremka kuswali, mwaivuka nyika ya Taru yenye miiba na mchanga mwekundu, kisha yaonekana milima ya samawati upande wa kushoto na mtu hudhani amefika nchi ya rutuba. Ni kweli na si kweli. Upepo utokao baharini hupita juu ya Taru bila kuangusha maji mengi, kwa kuwa hakuna cha kuuinua. Ufikapo milima ya Taita hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa huyaachilia maji yake. Kilele cha Vuria kina mita 2,208, na katika misitu kama Ngangao ukungu wenyewe hugeuka matone kwenye majani ya miti, hata siku isiyo na mvua. Ndiyo maana Wundanyi kuna kabichi na tungule, na Voi iliyo bondeni, mwendo mfupi tu kwa matatu, kuna mibuyu na mikonge. Voi hupata milimita 500 na kitu za mvua kwa mwaka. Mlimani hupata maradufu ya hapo.

Wazee wa Kitaita waliifahamu hesabu hii kabla ya vipimo vya mvua kuletwa. Jamaa moja ilikuwa na kipande cha shamba mlimani, kingine kwenye mteremko, na kingine chini nyikani, ili panapokauka huku, kule papatikane cha kutia chunguni. Leo watoto wamegawana, kila mmoja amebakia na kipande kimoja, na aliyeangukiwa na kipande cha nyikani hana mlima wa kukimbilia. Wala hakuna pa kujipanulia, kwani zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga za Tsavo, na mashamba makubwa ya mkonge yamechukua sehemu yake.

Na maji? Chemchemi ya Mzima, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, inainywesha Mombasa tangu miaka ya 1950. Mvua huanguka juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya chini ya mawe ya volkano, ikatokea Mzima ikiwa safi. Bomba lake hupita katika ardhi hii likiteremka Pwani. Twalitaja hili ili dada yetu anayefungua mfereji jikoni Mombasa ajue kwamba mvua ya bara si habari ya watu wa mbali. Taveta nao wana bahati yao, maana chemchemi za chini ya Kilimanjaro huwapa maji ya mifereji, na ndizi zao mwazinunua Kongowea. Mkulima wa Sagalla, Maungu au Kasigau hana Mzima wala Kilimanjaro. Ana vuli.

Milimita 500 zingetosha lau zingekuja kwa utaratibu. Vuli yetu aghalabu huanza mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, ikakatika Desemba au Januari changa. Ndani ya muda huo mkulima hana budi kubahatisha mara mbili. Kwanza ni mvua ya mwanzo: je, hii ndiyo, au ni ya kutulaghai? Akiisubiri ya pili, huenda siku zikampungukia. Akipanda kwa hii ya kwanza, mbegu huota kwa siku 5 au 6, kisha huenda jua likakaa wiki tatu. Pili ni maua. Mahindi ya muda mfupi hutaka siku 90 hivi, lakini siku zenye kutoa hukumu ni zile wiki mbili ambapo mbelewele hutoka juu na ndevu hutoka ubavuni. Mvua ikikatika siku hizo, utaona shamba zuri la kijani, mabua marefu kuliko mtu, na ndani ya maganda hamna kitu. Mpita njia atasema mwaka ni mwema. Mwenye shamba amekwisha kujua.

Jirani yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alipanda mwisho wa Oktoba 2021 kwa mvua ya kwanza. Yakaota, yakakauka. Akakopa mbegu dukani, akapanda tena mwisho wa Novemba. Yakaota, yakasimama vizuri, yakafika kwenye maua, mvua ikakatika. Alivuna mabua ya kuwapa mbuzi. Tulipokwenda kumjulia hali, tukamuuliza kimebaki nini. Akasema, "Limebaki deni, Maalim." Alilisema kwa utulivu, huku akipeta mtama wa kuazima.

Miaka ile ilikuwa ya mtihani. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu 5 ilifuatana bila mvua ya kutosha. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la taifa mwezi wa Septemba 2021. Wanaosoma bahari wanaeleza kwamba maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipoa, na ya upande wa Indonesia yakapata joto, mawingu hufuata joto na vuli yetu hudhoofika. Yakigeuka, vuli huja kwa nguvu. Sisi tulitoka uwanjani na watoto, wazee na wanyama, tukaswali swala ya kuomba mvua na kuzigeuza nguo zetu za mabegani kama ilivyo sunna. Kina mama waliokuja na watoto migongoni walikuwa wengi kuliko wanaume, na hili twaliandika kama lilivyokuwa.

Wenye umri wetu wanaukumbuka ukame wa 1984 na ugali wa mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambao watoto tuliukataa siku ya kwanza na kuugombania siku ya tatu. Wazee wetu walisimulia njaa za zamani zaidi kwa majina yake: Mwakisenge, ya miaka ya 1880, na Magunia, ya mwisho wa karne hiyo, iliyopewa jina la magunia ya nafaka ya msaada. Jina hilo tumelitafakari sana. Watu hawakuiita njaa ile kwa jua lililoileta. Waliiita kwa kile kilichokuja baadaye.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Vuli ya 2023 ilikuja. Ilikuja kwa wingi hata mito mikavu ikabeba madaraja, na barabara zikakatika sehemu nyingi za Pwani na bara. Baada ya miaka mitatu ya kuomba, maji yakajaa mashambani, na tuliona kwa macho yetu mashamba ya watu wachapakazi yakiota nyasi. Mbegu hazikuwapo. Za akiba zililiwa 2021. Mbuzi ambao wangeuzwa ili zinunuliwe nyingine walikufa au waliuzwa kwa bei ya kuku mwaka 2022. Duka lilikuwa na mbegu, lakini duka lilikuwa pia na daftari la madeni ya zamani. Jirani yetu yule alipanda robo ekari kwa kunde alizopewa na dada yake, na robo tatu iliyobaki ilikunywa mvua bure. Ilipofika Februari 2024, nchi ikiwa bado kijani, alikuwa katika orodha ya kupewa unga.

Mama yetu wa Mombasa, huu ndio mwaka uliokusikitisha ukauliza. Mvua ilinyesha, ardhi ipo, na njaa ikaingia.

Kuna jambo jingine lililotuumiza mwaka ule. Utabiri wa mvua kubwa ulikuwa umetolewa mapema, kisha matamko yakagongana, huyu akisema ipo na huyu akisema haipo, na mkulima asiye na mbegu hakujua hata amwamini nani aende kukopa. Wapo pia baadhi ya ndugu zetu wanaokataza kusikiliza utabiri wakidai ni kuingilia ghaibu. Hatukubaliani nao. Kujua kwa yakini mvua itashuka lini na wapi ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Kusoma dalili ni jambo jingine. Manahodha wa Lamu na Mombasa waliisoma kaskazi na kusi, wakafunga safari kwa kusoma huko, na hakuna mwanachuoni aliyewaambia wameingia katika shirki. Idara ya hali ya hewa hutoa utabiri wa vuli kabla ya msimu kuanza. Kila mwaka sisi huusoma kwa sauti baada ya swala ya Ijumaa, na kila mwaka kuna anayekunja uso.

Ndovu nao tusiwasahau, maana ni sehemu ya hali ya hewa kwetu. Ukame unapokaza, malisho na maji ya mbugani hupungua, nao hutoka wakaja mashambani usiku. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa kwa ukame nchini, kwa hivyo hatuwaonei chuki, nao wana njaa. Ila mkulima aliyeponyoka jua hulala macho wazi akipiga debe. Sagalla wamezungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, ndovu akiugusa nyuki hutoka, naye ndovu humwogopa nyuki kuliko mtu. Ni hila njema. Lakini jua likizidi maua hukosekana, na nyuki wenyewe huhama, mizinga ikabaki mitupu wakati ule ule ndovu anapokuja zaidi.

Yote haya humwangukia mwanamke kwanza. Mume huenda Mombasa au Mtito kutafuta kibarua, na hilo si lawama, ni riziki. Anayebaki ndiye anayeamua kama kilo mbili za pojo zilizo kwenye kibuyu ni chakula cha leo au ni shamba la Oktoba. Twawaomba dada zetu mlisome tena hilo. Ni uamuzi anaoufanya mama, peke yake, mbele ya watoto wanaomtazama. Akizipika, hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Na akishazipika, ndipo anapokwenda kwa mkopeshaji ambaye kwa kilo moja ya mbegu hutaka mbili baada ya mavuno. Hiyo ni riba, haina jina jingine, na mvua ikikosekana zile mbili huwa nne. Tumewaona waliouza mabati ya nyumba kwa ajili ya gunia moja la mahindi.

Wazee wetu wa Pwani walikuwa na kalenda mbili. Ya Hijria kwa ibada, na ya jua kwa shamba na chombo, waliyoianza kwa Nairuzi, Siku ya Mwaka, mwishoni mwa Julai, kisha wakahesabu miongo, kumi kumi. Walijua mwezi mwandamo hurudi nyuma kila mwaka siku 10 au 11, na mhindi haurudi nyuma. Siku ya 80 hadi ya 100 baada ya Mwaka, kwa hesabu hiyo, huangukia Oktoba na mwanzo wa Novemba: ndio wakati wetu wa kupanda. Leo hesabu ya pili tumeiacha, na sadaka zetu zote tumezifunga kwenye ile ya kwanza. Zaka za wafanyabiashara hutoka Ramadhani. Ramadhani ya miaka hii iko Februari na Machi, wala haitakutana na Oktoba mpaka kiasi cha 2036. Kwa hivyo malori huja yakiwa na unga, mchele na mafuta, na wapiga picha juu yake, wakati vuli imekwisha pita na kilichoharibika kimekwisha haribika. Twashukuru kwa unga huo, na wenye kuuleta Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini hatuwezi kuficha kwamba fedha za lori moja la Machi, zikija Septemba, zingepanda vijiji kadhaa.

Je, sharia yaruhusu? Yaruhusu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, zaka ya fedha na ya biashara inafaa kutangulizwa kabla ya mwaka wake kutimia, kwa sharti zinazojulikana, miongoni mwazo kwamba mwaka ukitimia mtoaji awe bado ni mwenye kuwajibikiwa na mpokeaji awe bado ni mstahiki. Fakiri na mwenye deni wote wamo katika wastahiki. Apewe mkononi, iwe mali yake, anunue mbegu mwenyewe. Kwa ekari moja kilo 10 za mahindi zamtosha. Anayetaka kutoa mbegu yenyewe, hiyo ni sadaka, au ni karadha njema: kilo kwa kilo, bila nyongeza. Jirani asiyekuwa Mwislamu, nao ni wengi huku, hapewi katika zaka, ila sadaka na karadha mlango wake uko wazi.

Wengine hutuuliza kama mkulima naye ana zaka. Anayo, katika nafaka na kunde zinazowekwa akiba, akifikisha nisabu ambayo ni zaidi kidogo ya kilo 600, yaani magunia 7 hivi ya kilo 90. Aliyenyweshewa na mvua hutoa sehemu moja kwa kumi, na amwagiliaye kwa pampu au kwa ndoo hutoa nusu ya hiyo, kwa sababu ya taabu na gharama zake. Tazameni jinsi sharia yenyewe ilivyoiingiza mvua katika hesabu. Na shamba lililoliwa na jua au ndovu kabla ya mavuno halidaiwi kitu. Mkopeshaji wetu wa kilo mbili angefaa kuketi na sura hiyo ya fiqhi.

Darsa ya kina mama wa hapa Voi, inayokaa Jumamosi baada ya alasiri, haikutungoja sisi. Baada ya yale ya 2023 walianzisha sanduku la mbegu, ingawa si sanduku, ni mitungi ya plastiki. Waliacha kuweka mahindi ya haibridi, kwa kuwa mbegu yake ukiipanda tena mazao hupungua. Wanaweka pojo, kunde na mtama, ambazo mtu huvuna na kupanda tena. Pojo huwa tayari kwa siku 60 hadi 75, hata mvua ikikatika mapema mtu hubakia na cha kupika kwa nazi. Huzikausha, huzichanganya na jivu lililochekechwa ili fukusi wasiingie, huujaza mtungi mpaka shingoni na kuufunga sana, ukaandikwa jina la mwenye amana. Anayekopa hurudisha kadiri aliyochukua. Mvua ikimkosesha, husubiriwa vuli nyingine. Walijadiliana sana kuhusu atakayekosa vuli mbili mfululizo. Baadhi walitaka asamehewe, na wengine wakasema wakisamehe wote mtungi utakuwa mtupu na mwaka wa tatu hakuna atakayepanda. Walituuliza hukumu. Tukawaambia kumpa muhula mwenye dhiki ni wajibu, na kumsamehe ni bora, lakini mali ya amana haisamehewi na asiyekuwa mwenyewe, kwa hivyo kila mweka mbegu aandike tangu mwanzo kama ameridhia. Wakaandika. Zaidi ya nusu waliridhia.

Bei ya mbegu hupanda wiki ya mwisho ya Oktoba, na barabara ya kwenda Kasigau huwa mbaya mvua ikianza, kwa hivyo chochote kitakachotoka Mombasa kifike Voi kabla ya tarehe 10 Oktoba. Tulipohesabu Jumamosi iliyopita, mitungi iliyojaa ilikuwa 11, na majina katika daftari 34. Wameanza kugawa kwa wajane.